Mwonjaji wa Junda

Nitamsema baba yangu kama alivyokuwa, na asiyetaka kusikia ajiondokee mapema, maana mimi sipendi kukatizwa. Mtu akishakufa watu humsifu mpaka wewe uliyemzika humtambui. Baba yangu Nzai alikuwa mgema wa tembo la mnazi hapa Junda. Alikuwa na kiburi, alikuwa na ulimi, na kwa miaka miwili alikuwa mwongo. Nayajua haya kwa sababu uongo wenyewe tuliufanya pamoja, mimi na yeye.

Nianze na huo ulimi. Kwetu Wagiriama mtu haji kuposa mikono mitupu. Upande wa mume huja na tembo, na tembo lile haliguswi na mtu mpaka lionjwe na mwonjaji aliyeitwa na upande wa mke. Akisema ni zima, mazungumzo yanaanza. Akisema limetiwa maji, au ni la jana, wageni wanabeba vibuyu vyao na kurudi walikotoka, na habari inafika kwao kabla yao. Sasa kutoka Junda mpaka Mishomoroni mwonjaji alikuwa baba. Akipewa kaha, kile kifuu cha nazi kilichosuguliwa kikawa kikombe, kwanza ananusa, kisha anapiga funda moja na kulizungusha mdomoni taratibu, macho yamefumba. Halafu anawaambia: mnazi huu umeota karibu na maji ya chumvi, mgema wake ana kotama butu, kile kisu cha kugemea, tembo hili limeteremshwa jua limeshapanda. Watu wanaulizana, na wanakuta ndivyo. Nilipokuwa mtoto nilidhani kila baba anaweza hivyo.

Mwaka wa arobaini na mbili alianguka. Mnazi ulikuwa umelowa mvua, mguu ukateleza kwenye kidato, akaja chini chali, kisogo na nyonga pamoja. Alilala mwezi na nusu. Alipoinuka alikuwa anachechemea, na kupanda mnazi ndiyo basi tena. Hilo alilikubali, tena bila maneno mengi. Alisema miguu ni ya kila mtu, lakini ulimi Mungu amemwachia.

Siku moja nikapika uji, nikasahau kwamba nimeshautia chumvi, nikatia tena. Mama alionja akautema. Mimi nikaonja nikautema. Tulipogeuka kumwambia baba asiunywe, alikuwa ameshamaliza bakuli na anajifuta ndevu.

"Baba, uji ulikuwaje?" nikamuuliza.

"Mzuri," akasema. "Umejifunza kupika."

Mama alicheka, akadhani ni mzaha. Mimi sikucheka. Alasiri baba alipokuwa amejinyoosha kitandani, macho yamefumba lakini hajalala, nilichukua kipande cha papa mkavu, yule anayenuka mpaka majirani wanafunga madirisha, nikakipitisha chini ya pua yake. Hakutikisika. Nikakirudisha tena, kikamgusa sharubu, ndipo akafumbua macho akakiona.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mnazi." Kisha akasema, "Usimwambie mama yako."

Angeweza kuacha kazi ya kuonja, na mimi nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba mgema asiyepanda na mwonjaji asiyeonja ni mtu gani huyo, nimwambie. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba na nilimwonea huruma, na huruma yangu huja na hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Basi tukapatana.

Kwetu anayemimina hunywa funda dogo kwanza, kuonyesha kwamba hakuna sumu. Tangu zamani mmiminaji wa baba nilikuwa mimi. Tukawekeana ishara. Nikimpa kaha kwa mikono miwili, tembo ni zima. Nikimpa kwa mkono mmoja na kaha imejaa, limetiwa maji. Kwa mkono mmoja na kaha ni nusu, ni la jana. Hayo mambo ya chumvi na kotama butu akawa anayabuni mwenyewe, na watu walivyomwamini, hata alipokosea walidhani mgema ndiye aliyedanganya.

Lakini tazama lililonipata mimi. Msichana kumpa baba yake kitu kwa mkono mmoja, tena mbele ya wageni, ni utovu wa adabu usio na mfano. Wanawake kisimani wakaanza kunisema: binti Nzai ni mzuri wa sura lakini hakufunzwa. Mama alinifokea mpaka akachoka. Baba alisikia yote hayo na hakusema kitu, na mimi nilikaa nayo rohoni.

Kati ya waliorudishwa na mkono wangu mmoja alikuwa Mzee Ngala, mtu mwenye mashamba na maneno. Alikuja kumposea mwanawe kwa jirani yetu, na tembo lake lilikuwa limeongezwa maji. Nikampa baba kaha imejaa, kwa mkono mmoja, na baba akamwambia Ngala arudi nalo. Ngala aliondoka akitabasamu, na nikajua hatasahau.

Mungu naye ana mambo yake. Katika vijana wote wa Kisauni, niliyempenda mimi akawa Thoya, mtoto wa marehemu ndugu yake Ngala, aliyelelewa na Ngala huyo huyo. Thoya alikuwa anawahudumia maofisa wa jeshi la majini katika nyumba yao kule Nyali, mtu mtaratibu, mwenye vicheko vya chini chini. Nilimtaka, na sioni aibu kusema. Nilipomwambia baba, alichezea kotama yake ambayo haikuwa na kazi tena.

"Aje na tembo zima," akasema.

Ndipo shida ikaanza, maana huo ulikuwa mwaka wa arobaini na nne, ukame ulikuwa bado haujatuachia, na minazi ilikuwa hoi. Mgema alipanda asubuhi akashuka na kikombe kimoja. Tembo la kujaza vibuyu vya posa halikuwako Junda, halikuwako Mtopanga, halikuwako popote. Thoya alizunguka wiki tatu.

Wakati huo maofisa wa Nyali walikuwa wanahama, na nyumba inafungwa. Kabatini mlibaki divai, chupa moja moja, za nchi mbalimbali, zisizotosha karamu. Mkubwa wao akamwambia Thoya azitoe, aondoke nazo, asimwonyeshe mtu. Sheria ya siku zile ilimkataza Mwafrika kinywaji cha chupa cha Wazungu. Thoya akazimimina katika vibuyu vitano, akazitupa chupa, akaenda kwa Ngala. Ngala alifikiri kidogo akasema, "Desturi inataka kibuyu na kinywaji. Haikutaja nchi."

Siku ya posa walifika alasiri, wazee sita, na Thoya nyuma yao na vibuyu. Mimi nilikuwa ndani, kwa sababu anayeposwa hakai na wageni, na hilo ndilo lililokuwa linanikata maini. Nani atammiminia baba? Sikuwa nimemwambia mtu siri ile, hata Thoya. Nilikaa nyuma ya ukuta wa makuti pamoja na jirani yetu Mwanasaumu, ambaye tembo hagusi wala harufu yake haitaki, lakini posa hakosi.

"Wallahi Kafedha," akaninong'oneza aliposikia Thoya akitaja divai zile ni za nchi gani, "wewe umeletewa vita nzima."

Thoya alimimina mwenyewe. Alionja kidogo kila mara, akampa baba kaha kwa mikono miwili, kama kijana yeyote mwenye adabu. Mikono ile ya Thoya haikumwambia baba chochote.

Ya kwanza ilikuwa ya Italia, nyekundu. Baba alinusa kama zamani. Alipiga funda, akazungusha mdomoni, akafumba macho, na wazee wakanyamaza kumsubiri. Mimi nilimjua. Alikuwa mtu anayetafuta njia gizani.

"Ya lini hii?" akauliza.

"Ilitiwa chupani kabla ya vita, baba," akasema Thoya. "Miaka saba au minane."

"Miaka minane." Baba aliweka kaha chini. Nikaona uso wake umepata pa kushika. "Tembo likilala siku mbili, sisi tunafanya siki. Hili limelala miaka minane, na wewe unaniletea ninywe kwa ajili ya mwanangu."

Wazee wetu wakaguna kukubali, maana kwa mgema kinywaji kilicholala kimekufa, na hakuna kati yao aliyepata kusikia vingine. Thoya akaeleza kwamba Wazungu wenyewe wanaitunza makusudi, kwamba inavyozidi kukaa ndivyo wanavyoisifu. Baba akamwuliza kama amekuja kumposa Mzungu. Watu wakacheka, na Thoya akainamisha kichwa akamimina ya pili.

Ya pili ilikuwa ya Ureno, ina miaka zaidi ya kumi. Ya tatu ya Ufaransa, sita. Ya nne ya Afrika ya Kusini, minne. Ya tano ilitoka kisiwa cha Kipro, ambako Thoya mwenyewe hakujua ni upande gani wa dunia, na umri wake hakuujua pia. Kila moja baba aliinusa, akaizungusha, akauliza umri, akaiweka kando. Mwisho akajifuta sharubu.

"Zimelala zote," akasema. "Rudini nazo. Mvua ikinyesha, minazi ikipona, mje na tembo."

Huko nyuma ya makuti damu ilinichemka. Alijua nini yule? Angepewa maji ya mtaroni angeuliza umri. Mvua ikinyesha, anasema. Nilikumbuka kila mara niliyompa kaha kwa mkono mmoja, na kisima, na mama, nikajiapia kwamba nikipata nafasi leo nitasema kweli mbele ya watu wote, na liwalo na liwe. Mwanasaumu alinishika mkono akaniambia nitulie. Sikutulia.

Nafasi akaniletea Ngala. "Tumesikia, Mzee Nzai," akasema kwa upole ule wake. "Lakini vibuyu haviondoki kabla binti hajapata funda lake na kumkabidhi baba yake kaha. Hiyo ni haki yake. Na kama ulimi wa mzee wetu umechoka, si vibaya, sote tunachoka." Alisema hayo huku anatabasamu, na kila mtu pale alijua anazungumzia tembo lake la mwaka uliopita.

Baba alikawia kuniita.

"Kafedha."

"Abee, baba."

Nilitoka nikapiga magoti kwenye mkeka. Sikumtazama Thoya. Nilikuwa sijaonja divai maisha yangu yote, lakini ulimi nilikuwa nao, tena wa kazi, na baada ya funda la kwanza nilisahau kidogo kwamba watu wananitazama. Ile ya Italia ilikaza ulimi kama bibo la mkanju, ukali na utamu vimeshikana, na ilikuwa nzima kabisa. Nikampa baba kaha kwa mikono miwili. Ya Ureno ilikuwa nzito, tamu kama tende zilizochemshwa, na ilipopita kooni iliwasha moto kifuani ukakaa. Mikono miwili. Ya Ufaransa ilikuwa siki tupu, imeharibika, nikampa nusu kaha kwa mkono mmoja, na nikasikia wageni wakigunia adabu zangu. Ya Afrika ya Kusini ilinikumbusha zambarau zilizoiva. Mikono miwili. Ya Kipro ilikuwa na zabibu kavu na moshi kidogo. Mikono miwili.

Baba alipokea zote. Hakuwa akitazama kaha. Alitazama mikono yangu. Kaha ya tano ilipomfikia aliipokea bila kuiangalia, divai ikamwagika kidogo juu ya kikoi chake, naye akaificha kwa kiganja ili watu wasione. Alikuwa ameshajua kwamba nne ni nzima. Alikuwa anangoja nimseme.

"Haya mwanangu," akasema Ngala. "Wewe ungali kijana, ulimi wako haujachoka. Tuambie."

Nilifungua kinywa niseme kweli, naapa. Nikaona kile kiganja kwenye kikoi.

"Mbovu," nikasema. "Zote. Kama alivyosema baba."

Thoya alichukua vifuniko vya vibuyu akaanza kuviziba kimoja kimoja, kwa utaratibu wake ule, na mimi nikatazama mkeka kwa sababu machozi yalikuwa yamenijaa na sikutaka Ngala ayaone. Niliona dunia yangu inabebwa kwenda. Tena nimeibebesha mwenyewe.

Wazee walikuwa wameshaanza kuinuka.

"Kaeni," akasema baba.

Wakakaa.

"Mtoto huyu amesema uongo. Amesema kwa ajili yangu." Sauti yake ilikuwa ya chini na watu walisogea ili wamsikie. "Mimi sionji. Tangu nilipoanguka sisikii tamu wala chungu, wala harufu. Miaka miwili hii mnayenisifu ni yeye. Akinipa kwa mikono miwili ni zuri, kwa mmoja ni baya. Mmemwita hana adabu, na mimi nimekaa nikawasikia. Sasa hivi amenipa nne kwa mikono miwili, ndipo akafungua kinywa akajitupa shimoni ili nisiaibike."

Mama, aliyekuwa mlangoni, alikaa chini pale pale aliposimama.

"Divai hizi nilizikataa kwa sababu sikuzijua," baba akaendelea. "Na nilizikataa kwa sababu nikizikubali anaondoka, na akiondoka mimi nabaki mzee asiyepanda wala kuonja. Hilo ndilo neno lenyewe. Sina jingine."

Nilimtazama Ngala, maana huo ndio wakati aliokuwa akiungoja mwaka mzima, na nikajitayarisha kumjibu maneno ambayo yangeharibu kila kitu.

"Tembo langu la mwaka jana," Ngala akaniuliza. "Aliyelirudisha ni wewe?"

"Ni mimi."

"Lilikuwa na maji?"

"Lilikuwa na maji. Kaha tatu kwa kila kibuyu."

Ngala alitazama vidole vyake. "Mbili," akasema. Kisha akaanza kucheka, kwanza peke yake, na wazee wengine wakamfuata, mpaka hata Thoya akacheka kile kicheko chake cha chini. Baba hakucheka. Aliendelea kukaa na kaha mkononi kama mtu aliyesahau amekuja kufanya nini.

"Basi tuambie kweli," akasema Ngala. "Moja moja."

Nikawaambia. Nikasema ya Ufaransa imeoza na baba hakukosea kwa hiyo. Nikaeleza ile inayokaza ulimi, na ile ya zambarau, na ile ya moshi, na wazee wakaonja nyuma yangu wakibishana. Mmoja alisema ya Kipro ni dawa ya kikohozi. Wengi walipenda ya Afrika ya Kusini kwa kuwa ni tamu na haijalala sana. Wakaniuliza ipi iwe ya posa, maana ni moja tu anayopewa baba anywe mpaka mwisho.

Nilichukua ile ya Ureno.

"Hii imelala zaidi ya miaka kumi," Ngala akanionya.

"Najua," nikasema. Nikamimina, nikaonja, nikasogea kwa magoti mpaka karibu na baba. "Hii haihitaji ulimi, baba. Hii utaisikia kifuani."

Alinitazama. Kabla baba hajanywa, desturi inamtaka amuulize binti neno moja mbele ya mashahidi, ndipo ijulikane kwamba hakulazimishwa. Wengi huliuliza haraka haraka, kama salamu. Yeye alikawia.

"Mwanangu, ninywe?"

"Unywe, baba."

Akanywa yote. Hakuizungusha mdomoni wala hakufumba macho. Alingoja kidogo, kisha akaweka mkono kifuani.

"Naisikia," akasema, na ndipo nikalia mbele ya Ngala na kila mtu.

Niliolewa na Thoya baada ya mavuno, tukajenga hapo hapo Kisauni. Watu hawakuacha kumwita baba kwenye posa zao. Alikaa kitini kwake na mimi pembeni, nikaonja waziwazi na kusema kwa kinywa changu mwenyewe, mwanamke mwonjaji, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, na walionuna wakanuna mpaka wakazoea. Baba aliishi miaka mitano zaidi. Mwisho alikuwa hawezi kuinuka, nikawa nampelekea uji, dawa, maji ya kunywa. Tangu alasiri ile mpaka siku aliyokufa sikumpa kitu kwa mkono mmoja.